Kiwanda cha Matofali cha Don Valley, Toronto: Historia Fupi, 1889–2025

Utangulizi

Septemba 2025 ilitimia miaka 15 tangu majengo ya kiwanda cha zamani cha matofali cha Don Valley, jijini Toronto, Kanada, yafunguliwe upya kwa umma. Kiwanda chenyewe kilianza kazi mwaka 1889. Kati ya miaka hiyo miwili, mahali hapa pamekuwa machimbo ya udongo, kiwanda kikubwa, malazi ya wasio na ajira, gofu, na hatimaye bustani ya jiji na kituo cha jamii. Wamiliki wamepokezana, jina la kampuni limebadilika mara kadhaa, lakini kuta zimebaki palepale chini ya mteremko wa bonde.

Kumbukumbu hii inafuata safari hiyo kwa mpangilio wa miaka: haja iliyozaa kiwanda, namna tofali lilivyotengenezwa, waliokiongoza, siku kilipofungwa, na kazi mpya ambazo majengo yalipewa. Inalo jambo moja la kusisitiza. Jengo la kiwanda halidumu kwa sababu tu ni la kale au kwa sababu watu wanalipenda. Hudumu pale linapopata kazi nyingine, na pale mtu au chombo fulani kinapokubali kubeba gharama ya kazi hiyo.

Udongo na mji unaokua (1882–1889)

Mto Don hushuka kutoka kaskazini na kupita upande wa mashariki wa katikati ya Toronto kabla ya kuingia Ziwa Ontario. Katika karne ya 19 bonde lake lilikuwa eneo la vinu na viwanda. Ukoo wa Taylor ulikuwa miongoni mwa wenye mali humo, ukimiliki mashamba makubwa na viwanda vya karatasi.

Mwaka 1882, William Taylor alikuwa akichimba mashimo ya nguzo za ua katika ardhi ya familia alipokutana na udongo wa mfinyanzi uliomvutia. Aliuchukua ukapimwe na wafyatuaji matofali, na majibu yakawa mazuri: udongo ule ulifaa kwa tofali la hali ya juu. Miaka saba baadaye, mwaka 1889, William na ndugu zake John na George walianzisha kampuni waliyoiita Don Valley Pressed Brick Company.

Hawakukosea wakati. Sensa ya mwaka 1881 ilihesabu watu wapatao 86,000 mjini Toronto. Miaka kumi baadaye, baada ya vitongoji kadhaa kuunganishwa na mji, idadi ilipita 180,000. Watu hao walihitaji nyumba, shule, makanisa, maghala na ofisi, na mji uliokwisha kuonja majanga ya moto haukuwa na hamu ya kuendelea kujenga kwa mbao.

Eneo lenyewe lilikuwa na bahati tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni udongo wa mfinyanzi uliolala kwa matabaka manene kwenye ukingo wa bonde. Ya pili ni mwamba laini wa matabaka, aina ya shale, uliokuwa chini ya udongo huo. Mwamba huo una umri wa miaka milioni 450 hivi, nao ukisagwa hutoa malighafi ya tofali gumu jekundu. Machimbo mengi hupata kimoja kati ya hivyo viwili. Don Valley ilipata vyote katika shimo moja. Ya tatu ni usafiri: kuanzia mwaka 1892 reli ya Belt Line ilipita karibu na kiwanda. Huduma yake ya abiria ilikufa mwaka 1894, lakini njia za reli za bondeni ziliendelea kuwa msaada mkubwa kwa bidhaa nzito kama matofali.

Tofali lilivyotengenezwa

Aliyewahi kuona tanuri la kijijini kwetu anaijua kazi hii kwa sura yake ya awali: udongo hukandwa, hutiwa kwenye kalibu, matofali huanikwa, kisha hupangwa, hukandikwa tope kwa nje na kuchomwa kwa kuni, na yale ya pembezoni mara nyingi hutoka hayajaiva. Kanuni za Don Valley zilikuwa hizohizo. Tofauti ilikuwa mashine, ukubwa wa kazi, na uwezo wa kuhakikisha kwamba tofali la leo linafanana na la jana.

Kiwanda kilitumia njia zaidi ya moja. Katika njia ya udongo laini, mfinyanzi ulichanganywa na maji hadi ukawa tope zito, ukajazwa kwenye kalibu, kisha matofali yakakaushwa kabla ya kuingizwa tanurini. Tofali la namna hii lilitumika kwa wingi katika kuta za kawaida. Katika njia ya kushindilia kavu, mwamba wa shale ulivunjwa, ukasagwa na kuchekechwa hadi ukawa unga wenye unyevu kidogo tu. Unga huo uliingia kwenye mashine iliyoushindilia kwa nguvu kubwa ndani ya kalibu ya chuma. Tofali likitoka hapo lilikuwa na kingo kali na uso laini ulionyooka, na wajenzi walilipenda kwa upande wa mbele wa jengo, ule unaoonekana barabarani. Neno “Pressed” katika jina la kwanza la kampuni lilihusu tofali hilo.

Baadaye likaja tofali la kukatwa: udongo husukumwa na mashine kupitia tundu la umbo la tofali, ukatoka kama mchi mrefu wa pembe nne, kisha nyaya zikaukata vipande vilivyo sawa.

Hatua ya mwisho ilikuwa moto. Ndani ya tanuri joto lilipandishwa taratibu hadi karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, na taratibu vilevile likashushwa, maana tofali linalopozwa kwa haraka hupasuka. Rangi ilitegemea kilichomo katika udongo: chuma huleta wekundu, chokaa huvuta rangi kwenye manjano hafifu. Ndiyo sababu mitaa ya zamani ya Toronto ina nyumba nyekundu na nyumba za rangi ya maziwa ya mgando zikiwa jirani.

Medali na moto (1889–1904)

Kampuni haikuchukua muda mrefu kujulikana. Katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago mwaka 1893, matofali ya Don Valley yalitunukiwa medali ya dhahabu. Kwa kiwanda chenye umri wa miaka minne, sifa hiyo ilifungua milango ya wasanifu majengo na wakandarasi.

Matofali ya bonde hili yalifika katika majengo ambayo wakazi wa Toronto wanayajua kwa majina: ukumbi wa muziki wa Massey Hall uliofunguliwa mwaka 1894, jengo la Bunge la Jimbo la Ontario lililofunguliwa mwaka 1893, na Casa Loma, jumba lililojengwa kati ya mwaka 1911 na 1914 kwa mfano wa ngome za Ulaya. Orodha hiyo inavutia, lakini kazi kubwa zaidi ya kiwanda haikuwa katika majumba hayo. Ilikuwa katika maelfu ya nyumba za kawaida, maduka na shule ambazo hakuna anayeuliza matofali yake yalitoka wapi.

Usiku wa tarehe 19 Aprili 1904 moto mkubwa uliteketeza eneo la biashara la Toronto. Majengo zaidi ya 100 yaliungua, watu wapatao 5,000 wakabaki bila kazi, na hasara ikakadiriwa kufikia dola milioni 10 za wakati huo. Msiba wa mji uligeuka kuwa foleni ya wateja kiwandani. Kujenga upya kulihitaji matofali kwa wingi, na masharti ya ujenzi yaliyokazwa baada ya janga yakazidi kuipa nguvu bidhaa isiyoungua.

Chini ya Robert Davies (1901–1928)

Wakati wa moto huo kiwanda kilikuwa kimekwisha badili mikono. Mwaka 1901 ndugu wa Taylor walikiuza kwa shemeji yao, Robert Davies, mfanyabiashara wa kiwanda cha bia na mfugaji wa farasi wa mashindano. Shamba lake la Thorncliffe lilikuwa upande wa juu wa bonde. Leo jina hilo linabebwa na Thorncliffe Park, mtaa wa maghorofa ambao umekuwa kituo cha kwanza cha wahamiaji wengi wanaoingia Toronto.

Davies alikipanua kiwanda na mwaka 1909 akakipa jina linalokumbukwa hadi leo: Don Valley Brick Works. Kipindi hiki ndicho kilichoweka msingi wa uzalishaji mkubwa. Kilipofikia kilele chake, kiwanda kiliweza kutoa matofali zaidi ya milioni 43 kwa mwaka.

Dohani ndefu za matofali zilisimama juu ya tanuri zikawa alama ya bonde. Moja imebaki. Ubavuni mwake, kutoka juu kwenda chini, imeandikwa VALLEY kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali.

Davies alifariki mwaka 1916, na familia yake ikaendelea kuimiliki mali hiyo hadi mwaka 1928.

Toronto Brick Company: mdororo, vita na ujenzi mpya (1928–1956)

Mwaka 1928 kiwanda kilinunuliwa na Strathgowan Investments, na kampuni ikaitwa Toronto Brick Company. Mwaka mmoja baadaye uchumi wa dunia ulianguka. Ujenzi ulipungua, na soko la matofali likapungua nao.

Miaka hiyo iliandika ukurasa ambao hakuna mwekezaji aliyeupanga. Wanaume wasio na kazi wala makazi walikusanyika bondeni, na wakati wa baridi kali baadhi yao walilala kiwandani, wakitafuta joto la tanuri. Toronto hufikia baridi ya nyuzi nyingi chini ya sifuri mwezi Januari. Kwa mtu asiye na paa, ukuta wa tanuri ambalo bado halijapoa ulikuwa tofauti kati ya kuamka na kutoamka.

Vita Kuu ya Pili ilileta nguvukazi ya aina nyingine. Wafungwa wa kivita wa Kijerumani waliowekwa Todmorden Mills, umbali mfupi kutoka hapo, walitumiwa kufanya kazi kiwandani. Vita ilipokwisha askari walirudi nyumbani, familia zikaongezeka, na Toronto ikaanza kutanuka kuelekea pande zote za nchi kavu. Tanuri zikajaa tena.

Miaka ya mwisho ya uzalishaji (1956–1984)

Mwaka 1956 kampuni iliuzwa kwa United Ceramics Limited ya Ujerumani. Teknolojia ilikuwa imebadilika. Tanuri za zamani zilipakiwa, zikawashwa, zikapozwa na kupakuliwa kwa zamu; tanuri za handaki zilifanya kazi bila kusimama, kwa sababu matofali yalipangwa juu ya mabehewa yaliyosogea polepole kwenye reli, yakapita eneo la joto dogo, la joto kali, kisha la kupoa. Jengo refu la tanuri hizo bado lipo, na reli zake zinaonekana sakafuni.

Mambo mawili yalikuwa yakikifungia kiwanda njia. La kwanza ni umri wa machimbo: baada ya miongo kadhaa ya kuchimba, udongo wenye faida ulikuwa unakwisha. La pili ni mabadiliko ya ujenzi wenyewe, kwani saruji, chuma na vioo vilikuwa vimechukua sehemu kubwa ya kazi ya tofali katika majengo makubwa. Mwaka 1984, baada ya miaka 95, uzalishaji ulisitishwa.

Ukuta wa kaskazini: kumbukumbu ndani ya udongo

Historia ya kiwanda haikamiliki bila ukuta wa kaskazini wa machimbo, kwa sababu ndio ulioleta jina la mahali hapa katika vitabu vya sayansi.

Wachimbaji walipokata mlima, waliacha ukuta ulioonyesha matabaka ya ardhi moja juu ya jingine. Kuanzia miaka ya 1890, Arthur Philemon Coleman, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Toronto, aliuchunguza. Chini alikuta masazo yaliyoachwa na barafu kuu. Juu yake palikuwa na tabaka lenye majani, mbao, konokono na mifupa, ambalo sasa linakadiriwa kuwa na umri wa miaka 120,000 hivi. Juu zaidi, masazo ya barafu yakarudi.

Maana yake ilikuwa nzito. Barafu haikuja mara moja tu. Iliondoka, nchi ikapata joto, msitu ukaota, kisha barafu ikarejea. Katika tabaka la joto walikutwa viumbe kama biva mkubwa mwenye mwili uliokaribia ukubwa wa dubu, na mabaki ya mti wa jamii ya mstafeli ambao leo huota zaidi kusini mwa hapo. Mabaki hayo yalithibitisha kwamba hali ya hewa ya wakati ule ilikuwa na joto zaidi kuliko ya Toronto ya leo. Wanasayansi wa nchi nyingi walikuja kuuona ukuta huu, na ni sululu ya mchimba udongo iliyoufunua.

Shimo ni la nani? (1984–1994)

Kiwanda kilipofungwa, ardhi ilinunuliwa na kampuni ya uendelezaji, Torvalley Associates, iliyokusudia kujenga makazi. Kwa mfanyabiashara hesabu ilikuwa rahisi: eneo kubwa, dakika chache kutoka katikati ya jiji.

Upinzani ulikuja kwa hoja ya maji. Mnamo Oktoba 1954 Kimbunga Hazel kilipiga kusini mwa Ontario na kuua watu 81, wengi wao wakiwa wakazi wa kingo za mito ya Toronto. Baada ya maafa hayo sera ilibadilika, na mwaka 1957 iliundwa mamlaka ya uhifadhi ya Toronto na maeneo jirani, yenye jukumu la kulinda mabonde na kuzuia watu wasijenge makazi katika njia ya mafuriko. Kiwanda cha matofali kiko katika bonde la mafuriko. Kujenga nyumba hapo kungekuwa kurudia kosa ambalo mji ulikwisha kulilipia kwa roho za watu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mamlaka hiyo iliitwaa ardhi kwa manufaa ya umma na kulipa fidia. Gharama ilifikia takriban dola milioni 21 za Kanada. Fedha hizo zilizua mabishano, na zinastahili kutajwa katika historia kama hii. Bila uamuzi huo, leo pasingekuwa na jengo la kuadhimisha.

Hata hivyo, kuokoa ardhi hakukuwa kuokoa majengo. Kwa miaka mingi kuta zilibaki wazi. Mabati yalishika kutu, madirisha yakavunjwa, maji yakaingia. Vijana waliingia usiku kufanya sherehe, wapiga picha wakafuata mwanga unaopenya kwenye paa zilizotoboka, na wachoraji wa kuta wakazijaza tanuri michoro ya rangi. Sheria ilikataza, bonde liliruhusu.

Machimbo yanageuka bustani (kuanzia 1994)

Kazi ya kulitengeneza shimo ilianza mwaka 1994. Sehemu kubwa ilijazwa kwa udongo uliotolewa katika misingi ya majengo marefu ya katikati ya jiji, na hivyo ardhi iliyotoa malighafi ya mji ikarudishiwa udongo na mji huohuo. Maji ya kijito cha Mud Creek yaliongozwa kuingia katika mfululizo wa mabwawa, ambamo taka na tope hutuama kabla maji hayajaingia mto Don. Miti na majani ya asili yakapandwa. Eneo hilo likaitwa Weston Quarry Garden, kwa kutambua mchango wa familia ya Weston.

Ardhi oevu haikuchelewa kupata wenyewe. Korongo, bata, vyura na kobe wa majini walirejea. Ukuta wa kaskazini ulihifadhiwa kama eneo la kisayansi, na wageni huutazama kutoka kwenye njia zilizowekwa.

Evergreen na maisha mapya ya majengo (2002–2018)

Bustani ilipokuwa tayari, majengo yalikuwa bado yanasubiri. Shirika la Evergreen, lililoanzishwa mwaka 1991 na Geoff Cape kwa kazi ya kupanda miti na kurudisha uoto katika miji na viwanja vya shule, lilipendekeza kuyakodi na kuyageuza kituo cha mazingira na utamaduni. Miaka ya majadiliano na Jiji pamoja na mamlaka ya uhifadhi ilifuata, kisha miaka ya kutafuta fedha. Mradi uligharimu takriban dola milioni 55, zilizochangwa na serikali kuu, serikali ya jimbo, makampuni na watu binafsi, wakiwamo Robin na David Young ambao jina lao liko kwenye jengo la kupokelea wageni.

Wasanifu walikabili swali ambalo kila jengo la kale huuliza: nini kisafishwe, nini kiachwe. Majengo yalikuwa kama 16, ya umri na hali tofauti. Uamuzi ulikuwa kuimarisha bila kupamba. Masizi ya tanuri yaliachwa. Michoro mingi ya kuta iliachwa pia, kwa kuwa miaka ya ugofu nayo ni sehemu ya historia. Jengo jipya la ofisi na madarasa lilijengwa likiwa limeshika sehemu ya kuta za zamani, kwa viwango vya juu vya utunzaji wa nishati. Kwenye ukuta mmoja msanii Ferruccio Sardella aliweka ramani kubwa ya chuma ya Toronto: mito na mabonde yake yamekatwa kwenye chuma, na mimea inaota ndani ya mabonde hayo.

Mafuriko nayo yalizingatiwa tangu mwanzo. Mitambo ya umeme na huduma muhimu iliinuliwa juu ya kimo cha maji, na sakafu za chini zikapewa matumizi yanayoweza kuoshwa na kuendelea. Mto Don bado hufurika, na jengo limekubaliana nao.

Milango ilifunguliwa rasmi Septemba 2010 kwa jina la Evergreen Brick Works. Jengo la tanuri, lililobaki gumu kulitumia wakati wa baridi, lilifanyiwa ukarabati mwingine uliokamilika karibu na mwaka 2018, kwa lengo la kulipasha joto bila kuongeza hewa ya ukaa. Tanuri zenyewe hazikuondolewa. Watu hukutana wakiwa wamezungukwa nazo.

Huduma za leo

Kituo kinatoa huduma zifuatazo:

- soko la wakulima la Jumamosi, ambalo huleta mazao ya mashamba ya Ontario moja kwa moja kwa mlaji;
- madarasa ya mazingira kwa wanafunzi na bustani ya watoto ya kuchezea kwa udongo, maji na mbao;
- karakana ya baiskeli;
- uwanja wa kuteleza kwenye barafu wakati wa baridi, chini ya fremu ya chuma ya jengo lililoondolewa paa;
- kumbi za mikutano, maonyesho na sherehe, ambazo mapato yake husaidia kulipia huduma nyingine;
- njia za miguu zinazounganisha mabwawa, ukuta wa kaskazini na mtandao wa njia za bondeni.

Vipindi vya uongozi

| Kipindi | Msimamizi | Jina lililotumika | Jukumu kuu |
|---|---|---|---|
| 1889–1901 | William, John na George Taylor | Don Valley Pressed Brick Company | Kuanzisha kiwanda na kujenga sifa |
| 1901–1928 | Robert Davies na familia yake | Don Valley Brick Works (tangu 1909) | Upanuzi |
| 1928–1956 | Strathgowan Investments | Toronto Brick Company | Kuvuka mdororo na vita |
| 1956–1984 | United Ceramics Limited | Toronto Brick Company | Awamu ya mwisho ya uzalishaji |
| Baada ya 1984 | Torvalley Associates | — | Mpango wa makazi uliozuiwa |
| Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 | Mamlaka ya uhifadhi na Jiji la Toronto | Bustani ya umma | Kulinda ardhi, kurudisha uoto |
| Tangu 2010 | Evergreen (mpangaji) | Evergreen Brick Works | Kituo cha mazingira na jamii |

Tarehe muhimu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1882 | William Taylor agundua udongo unaofaa |
| 1889 | Kiwanda chaanza |
| 1893 | Medali ya dhahabu, Maonyesho ya Chicago |
| 1901 | Kiwanda chauzwa kwa Robert Davies |
| 1904 | Moto Mkuu wa Toronto waongeza mahitaji ya matofali |
| 1909 | Jina la Don Valley Brick Works laanza kutumika |
| 1916 | Robert Davies afariki |
| 1928 | Kampuni yawa Toronto Brick Company |
| 1954 | Kimbunga Hazel chabadili sera ya mabonde |
| 1956 | United Ceramics Limited yanunua kampuni |
| 1984 | Uzalishaji wasitishwa |
| 1994 | Ukarabati wa machimbo waanza |
| 2010 | Majengo yafunguliwa upya kwa umma |
| 2025 | Miaka 15 ya Evergreen Brick Works |

Hitimisho

Ukiigawa historia hii, uzalishaji ulichukua miaka 95, ugofu na mabishano vikachukua robo karne, na matumizi mapya yametimiza miaka 15. Hesabu hiyo inatukumbusha kwamba kazi ya pili ya jengo hili bado ni changa. Inategemea mkataba wa upangaji, wafadhili, wateja wa kumbi na wakulima wa Jumamosi, kama ile ya kwanza ilivyotegemea udongo, makaa na wajenzi. Vyanzo hivyo vikikauka, masizi na medali havitalipa bili ya umeme.

Sifa wanastahili wengi: familia iliyothubutu kuwekeza, vibarua waliobeba joto na vumbi bila majina yao kuandikwa ukutani, mwanajiolojia aliyesoma matabaka, mamlaka iliyokubali kulipa fidia iliyolalamikiwa, na shirika lililochukua gofu kwa mkataba badala ya kulihurumia kwa maneno. Kila mmoja alifanya sehemu yake kwa wakati wake. Kwa wanaosimamia viwanda vilivyofungwa mahali pengine, iwe ni vinu, karakana za reli au maghala, ushauri unaotokana na Don Valley ni huu: kabla ya kuuliza jengo litengenezwe vipi, amueni litafanya kazi gani, na nani ataigharamia miaka kumi baada ya sherehe ya ufunguzi.